Mwanga Hauchorwi, Unaachwa: Tuitazame Picha ya Machungani

Hotuba hii, juu ya picha moja ya zamani iitwayo Miti Mitatu, niliitoa Jumamosi iliyopita ukumbini Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya vijana wetu wa kuchora, walimu na wazazi. Mlioikosa mmeniomba sana niiweke yote, basi hii hapa, vile vile nilivyoiongea, nimepunguza tu zile "sogeeni mbele jamani" na "lensi iko kwa nani".

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Shikamooni wazee wangu. Mama zangu mliokuja na watoto ahsanteni sana, watoto wakichoka waacheni watembeetembee, hakuna shida.

Kila watu wawili wana karatasi moja. Picha iliyo juu yake ni moja na leo hatutaangalia nyingine, kuna mbili tatu nitazitaja kwa mdomo tu. Naomba jambo moja kabla sijaanza. Iangalieni. Msiipige picha na simu, msisome jina hapo chini, angalieni tu mpaka niseme tena.

Haya. Nani amemaliza? Wengi mmemaliza, nimewaona, mmeona miti, mmeona mawingu, mkaiweka karatasi pajani. Na hilo ndilo lililonileta hapa, kwa sababu siku hizi macho yetu yamezoea kusukuma kwa kidole, picha inapita, ingine inakuja, inapita, na picha kama hii haikutengenezwa ipitwe. Imetengenezwa ikaliwe chini. Imetengenezwa ishikwe mkononi, isogezwe dirishani, irudiwe.

Inaitwa Miti Mitatu. Aliyeitengeneza ni Rembrandt, Mholanzi, huko Amsterdam, mwaka 1643. Ni echingi, yaani haikuchorwa moja kwa moja kwenye karatasi, ilichorwa kwenye bamba la shaba, shaba ikaliwa na asidi, ikatiwa wino, ikachapwa. Ukubwa wake ni kama sentimita 21 kwa 28, kwa hivyo hiyo A4 mliyoshika ni karibu na saizi yake ya kweli, na kati ya echingi zake za mandhari hii ndio kubwa kuliko zote. Sasa ili mjue ni zamani kiasi gani, ukienda Fort Jesus utazame juu ya lango kuna maandishi ya Wareno yenye mwaka 1635, waliyaweka walipokuwa wamesharudi, maana Sultani Yusuf bin Hassan wa Mombasa alikuwa amewaondoa mwaka 1631. Miaka minane baada ya mwaka huo wa 1635, Rembrandt yuko Amsterdam anakwaruza miti hii. Mkewe Saskia alikuwa amefariki Juni 1642, kamwacha na mtoto Titus ambaye hata mwaka hajatimiza. Wako watu wanaosoma msiba huo ndani ya mawingu haya meusi. Siwakatazi. Lakini mimi naona tukianza na msiba tutaacha kuangalia, tutabaki kumwonea huruma tu, na picha haituombi huruma, inatuomba macho.

Basi nitasema neno langu kubwa sasa hivi, na yote yatakayofuata ni kulieleza tu. Kwenye karatasi hii hakuna tone la rangi nyeupe. Hakuna! Ule mwanga nyuma ya miti, ule mng'ao wa kondeni, ule weupe wa anga upande wa kulia, vyote hivyo ni karatasi tupu. Rembrandt hakuchora mwanga. Aliuacha. Alichora giza akalizungusha mwanga mpaka ukajitokeza wenyewe. Kwa hivyo ukiuliza "huyu amechora nini" umeuliza nusu, nusu ya pili ni "huyu ameacha nini", na mimi nasema hiyo nusu ya pili ndiyo nzito.

Twende kwenye mstari.

Sikizeni jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, maana usipojua kazi mstari utauona kama mstari wa kalamu tu. Unachukua bamba la shaba, unalisugua mpaka ling'ae, unalipaka tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na lami na utomvu. Ukishika sindano hukwaruzi shaba, unakwaruza ile nta tu, na nta ni laini, haikatai mkono. Ndio maana mstari wa echingi uko huru, unapinda, unatetemeka, unakimbia, unasimama. Wale waliokuwa wanachonga shaba yenyewe kwa chuma ilibidi wasukume kwa nguvu, mstari wao unatoka umenyooka, una nidhamu, ni mzuri lakini hauna pumzi hii. Ukimaliza kuchora unalitia bamba ndani ya asidi, na asidi inakula pale tu ambapo nta imeondoka. Ikila kidogo mstari unakuwa mwembamba hafifu. Ikila sana mstari unakuwa mpana, una kina, unabeba wino mwingi.

Kuna dada mmoja wa Kibokoni, mpaka hina, mnaomjua mnamjua, alipita siku moja nikiwaonyesha vijana bamba. Akasimama mlangoni na buibui lake, akasikiza, halafu akauliza swali moja, "kwa hivyo ikikaa sana inakolea?" Nikamwambia ndio. "Na kama wataka huku ikolee na huku isikolee?" Nikamwambia unalitoa bamba, unalisuuza, zile sehemu unazotaka zibaki hafifu unaziziba kwa vanishi, halafu unalirudisha kwenye asidi. Akacheka, akasema hiyo si ndio hina, mtu akiiosha mapema inatoka rangi ya machungwa imepauka, na bibi harusi hulala nayo ndio iamke nyekundu ya kuiva. Wallahi tangu siku hiyo sijapata maelezo bora zaidi, na leo nimekuja nayo kwenu kwa idhini yake. Weusi wa echingi ni muda. Mstari mweusi ni mstari uliokaa. Mchora echingi anapanga dakika vile vile anavyopanga mistari, ya mbali anaitoa mapema, ya karibu anaiacha iliwe.

Sasa rudini kwenye karatasi na jicho hilo jipya. Tazameni ule mji ulioko mbali kabisa, kule kwenye upeo upande wa kushoto, watu wengi wanasema ni Amsterdam yenyewe. Mistari yake ikoje? Myembamba mno, inakaribia kupotea. Halafu shukeni hadi kona ya chini kulia, kwenye vichaka. Mweusi, mzito, mistari imepandana mpaka huwezi kuihesabu, na hapo asidi peke yake haikumtosha, aliongeza kwa kukwaruza shaba kavu kwa sindano na kuchonga kwa chuma. Kati ya mji ule na kichaka hiki kuna maili kadhaa za nchi, na maili hizo hakuzichora kwa kitu kingine chochote ila unene wa mstari. Mwaona? Umbali wote huo umo ndani ya unene wa mstari.

Na kitu kingine, kijana wangu pale nyuma uliyeshika penseli, hiki ni chako. Angalia kama kuna mstari unaozunguka kitu kizima, yaani mtu kachora umbo la mti kwa nje halafu akajaza ndani. Hamna. Mti huu hauna ukingo. Majani ni vikwaruzo vidogo vidogo vilivyojikunja, vingi katikati, vinapungua kadiri unavyotoka nje, mpaka ghafla vimeisha na anga imeanza, na huwezi kuweka kidole ukasema hapa ndipo mti ulipoishia. Walimu wetu wengi wanatufundisha kuanza na ukingo, na kwa kuanzia si vibaya, ila mtoto akibaki hapo miti yake yote itakuwa imekatwa na mkasi.

Nije kwenye tekscha. Kwa tekscha namaanisha vile kitu kinavyohisiwa na ngozi ya mkono, hata kama unakitazama tu kwa macho.

Hebu niambieni, kuna aina ngapi za mikwaruzo hapa? Msiseme "mingi". Itafuteni. Kona ya juu kushoto kuna mistari mirefu, migumu, iliyonyooka, ya mshazari, hiyo ni mvua, na mtazame hakuna kingine chochote kwenye picha nzima kilichonyooka hivyo, ndio maana inauma jicho, ndio maana unasikia ubaridi. Pembeni yake mawingu, na mawingu yana mistari ya mviringo inayozungukana. Chini yake konde, na konde lina vimistari vifupi vilivyolala. Kwenye miti vikwaruzo vya kujikunja. Kwenye vichaka mistari juu ya mistari juu ya mistari. Ni sindano ile ile moja. Wino ule ule mmoja. Karatasi ile ile. Kilichobadilika ni mwendo wa mkono tu, na kutokana na mwendo wa mkono umepata maji, upepo, nyasi, majani na giza la kichakani. Nikifikiria hilo nachangamka kila mara, nalisema hadharani bila aibu yoyote.

Kuna kazi nyingine ya Rembrandt ya mwaka 1641, kinu cha upepo, nataka niwaambie kisa chake kwa sababu kinahusu tekscha ambayo haikutoka mkononi mwake. Kinu hicho kilikuwepo kweli pale Amsterdam, kilikuwa mali ya chama cha mafundi ngozi, wakilainisha ngozi kwa mafuta ya ini la samaki, na kwa ile harufu watu wakakiita Kinu Kidogo Kinachonuka. Mliowahi kupita karibu na jahazi linapopakwa sifa, yale mafuta ya samaki, hamhitaji maelezo. Sasa Rembrandt alipolitia bamba la kinu hicho kwenye asidi ile nta ilipasuka, ikawa na nyufa nyembamba nyembamba pale angani, asidi ikapenya kwenye nyufa, na zote zikachapika. Ukiitazama leo utaona anga ya kinu ina mtandao wa vimistari ambavyo hakuna mtu aliyevichora. Angeweza kulisugua bamba, shaba inasuguliwa, mikwaruzo inatoka. Hakulisugua. Akachapa hivyo hivyo. Na anga ile imekuwa na uzito, ina hewa, ina joto la mahali penye moshi na harufu. Kwa nini aliacha? Mimi naamini aliona imemfaa. Narudi palepale, kuacha ni kazi. Kuacha ni uamuzi wa fundi.

Na tekscha ya echingi haiko kwenye macho tu jamani. Karatasi huloweshwa kidogo, inawekwa juu ya bamba, juu yake vitambaa vizito vya sufu, halafu inapita katikati ya magurudumu ya chuma kwa nguvu nyingi, karatasi inaingia ndani ya mikwaruzo kuufuata wino huko huko ulipo. Kwa hivyo kwenye chapa ya asili wino umesimama juu ya karatasi, umeinuka, ukiushika taratibu kidole kinaujua. Na pembezoni pana alama ya bamba, karatasi imebonyea kulizunguka. Hizi A4 zenu ni za printa, hazina hilo, na nawaomba msizihukumu echingi zote kwa karatasi ya printa. Ile sindano kavu niliyoitaja nayo, ikikwaruza shaba inainua ukingo mdogo wa shaba pembeni ya mstari, ukingo huo unashika wino, mstari unachapika na ukungu mlaini ubavuni. Lakini ukingo huo ni dhaifu, presi inaulalisha, chapa za mwanzo zinaupata, za baadaye hazina tena. Ndio maana wanaozikusanya wanagombania za mwanzo.

Niwape mtu mwingine mmoja kwenye hili la tekscha, halafu tusonge. Samuel Palmer, Mwingereza, alizaliwa 1805 akafa 1881. Alipokuwa kijana aliishi kijiji cha Shoreham, kule Kent, na machunga yale ya kondoo na mavuno na mwezi hayakumtoka moyoni maisha yake yote. Echingi aliianza akiwa mtu mzima, mwaka 1850, na mpaka anakufa alikamilisha bamba 13 tu. Kumi na tatu! Sio kwamba alikuwa mvivu, ni kwamba alikuwa analirudia bamba moja, analitia asidi, analitoa, anasugua, anaongeza, anarudia. Picha zake za wachungaji na wakulima zina mistari iliyobanana kuliko hii ya Rembrandt, ukiiangalia kwa mbali unasema hii nyeusi tupu. Isogeze karibu. Kila mahali mistari inapokatana imeacha kidirisha kidogo cha karatasi, na vidirisha hivyo vinameremeta, jua linalozama linapenya humo. Palmer mwenyewe aliandika kwamba hicho ndicho alichokipenda kwenye echingi, akaviita vijicho elfu vya mwanga vinavyochungulia. Elfu! Mchoraji ameketi, macho yamemchoka, anahesabu weupe asiotaka kuuziba. Kijana anayechora kivuli kwa kusugua penseli kwa kidole mpaka kila kitu kinakuwa kijivu, hebu jaribu njia ya Palmer angalau mara moja. Weka mistari, ikatishe, halafu uache vile vijicho vipumue, utaona kivuli chako kinapata uhai.

Sasa mpangilio. Hapa tutatumia vidole.

Wekeni kidole gumba juu ya ile miti mitatu, ifunikeni yote. Angalieni kilichobaki. Nini kimetokea? Ndio mama, "imeelemea". Upande wa kushoto kuna mvua, kuna mawingu yote yale, na upande wa kulia hamna kitu cha kuyazuia, picha nzima inateleza. Ondoeni kidole. Miti imerudi na mizani imerudi. Kwa ukubwa ile miti ni kidogo sana ukilinganisha na anga, lakini imebeba anga yote. Kwa nini? Kwa sababu imesimama, na nchi yenyewe imelala. Uholanzi ni nchi tambarare, karibu robo yake iko chini ya usawa wa bahari, maji wanayazuia kwa matuta na enzi zile walikuwa wanayatoa kwa vinu vya upepo. Mahali kama hapo kitu chochote kinachosimama kinakuwa habari. Rembrandt kaushusha upeo chini kabisa, zaidi ya nusu ya picha kaipa anga, halafu kaipandisha miti kwenye kilima kidogo na nyuma yake akaacha weupe mtupu. Weusi mzito zaidi kauweka kando ya weupe mkubwa zaidi, na jicho lako likaenda hapo kabla hujaliamrisha.

Na jueni jambo hili, picha ikichapwa inageuka. Ya kulia inakwenda kushoto. Kwenye bamba miti hii ilikuwa upande wa kushoto! Kwa hivyo wakati anachora ilibidi mizani hii yote aione akilini ikiwa kinyume, na wala hakuhangaika kugeuza mahali pa kweli ili papate kufanana, mandhari zake nyingi za Amsterdam zimechapika kinyume vile vile. Sahihi tu ndio inamlazimu mtu aandike kinyume, ndio isomeke.

Nilimpelekea picha hii mzee mmoja wa Kinango, mfugaji, amechunga ng'ombe tangu akiwa mtoto na ng'ombe bado anao. Nilitaka kujua mtu asiyekuwa na habari za Rembrandt ataanzia wapi. Nikadhani ataanza na miti, jina lenyewe ni miti. Mzee akaishika karatasi mbali kidogo na macho, akatulia, akatulia sana, halafu kidole chake kikashuka pale katikati, kwenye konde, kwenye vile vidoti ambavyo mimi nilikuwa navipita. Akasema, "Mifugo haijakimbia." Nikamuuliza kivipi mzee wangu. Akasema mvua yenye upepo kama huu ikija ng'ombe wanageuka, wanajikusanya, na mchungaji hakai. Hawa wametawanyika, wanakula. "Hii mvua ishapita, au inapita kule."

Hebu fikirini. Watu wamebishana kama dhoruba hii inakuja au inaondoka, na mzee wa Kinango ameingia kupitia mlango ambao mimi sikuwa nao. Simwambii mtu kwamba huo ndio ukweli wa mwisho, lakini sikizeni alichonifundisha kuhusu mpangilio. Lile konde la katikati, lenye vimistari vichache kuliko mahali pengine popote chini pale, lenye mwanga umemwagika juu yake, nilikuwa nalichukulia kama nafasi tu kati ya miti na mji. Kumbe ndio moyo wa picha. Dhoruba juu, giza mbele, na katikati machunga yanaendelea na shughuli zake. Picha ya machungani lazima iwe na machunga, si ndio? Na Rembrandt kayaweka pale alipochora kidogo zaidi.

Halafu watu. Wangapi mmeona watu? Mikono... sawa. Kushoto, mbele, kwenye maji kuna mtu anavua samaki, na mwanamke ameketi kando yake. Hao wengi mmewaona. Juu kwenye kilima, nyuma ya miti, kuna gari la kukokotwa lenye watu ndani, wadogo sana. Kulia zaidi juu pale kuna mtu ameketi peke yake anachora, na ameupa mgongo mvua yote na miti yote, anachora kitu kilichoko nje ya picha, kitu ambacho sisi hatutakiona kamwe. Na sasa shukeni kwenye kile kichaka cheusi kona ya chini kulia, chukueni lensi, msiwe na haraka. Ndani ya mistari ile iliyopandana. Mmewapata? Naam. Wapenzi wawili. Kajificha nao huko ndani, na mtu anaweza kuishi na picha hii ukutani asiwaone.

(Hapa ukumbi ulichangamka, wazee wakaanza kupokonyana lensi, nikasubiri.)

Kwa nini awafiche? Wengine watasema ni mzaha. Mimi nasema ni adabu. Wapenzi wametafuta mahali pa siri na mchoraji akawapa mahali pa siri kweli, hakuwaonyesha kwa kidole, akatumia weusi ule ule unaoshikilia kona ya picha isielee kuwa pia pazia lao. Weusi mmoja una kazi mbili. Na mtazame hakuna hata mmoja kati ya watu wote hawa anayetazama dhoruba. Mvuvi anatazama maji, wapenzi wanatazamana, mchoraji anatazama kwake. Anga nzima inapinduka juu yao na kila mtu yuko na lake. Sisi peke yetu tulioshika karatasi ndio tunaoona yote kwa pamoja.

Nimeona picha nyingi za mandhari zinazouzwa huku kwetu, jua jekundu, mgunga mmoja, ndovu mmoja, na wanaozichora wana mikono mizuri, nawajua baadhi yao, wana mikono mizuri sana. Ninachowaomba ni nafasi. Muacheni mtazamaji atafute. Mficheni mtu kichakani. Acheni konde tupu mumwamini mzee wa Kinango atalifikia. Kwetu hapa mandhari za machungani hatuzikosi, kuanzia Kwale mpaka Tana River kuna watu wanachunga leo hii tunapoongea, kuna mvua za masika zinazoingia kutoka baharini na mistari ya mshazari ile ile, na sijaona mtu aliyezikwaruza kwenye bamba vile zinavyostahili.

Swali lililoulizwa sana baada ya hapo ni tutaanzia wapi, na nilijibu hivi, nawaandikia na nyinyi mliokuwa hampo. Asidi msiguse nyumbani, moshi wake ni hatari na inachoma, hiyo mpaka tupate mahali penye hewa na mtu anayeijua. Lakini ile ya sindano kavu inawezekana leo. Chukueni pakiti ya maziwa ya boksi, ile yenye ndani inayong'aa, ikateni, iosheni, ikauke. Upande unaong'aa ukwaruzeni kwa msumari mwembamba au ile ncha ya bikari ya shuleni. Kumbukeni itageuka. Pakeni wino mzito wa kuchapia, ufuteni kwa kitambaa mpaka ubaki kwenye mikwaruzo tu, karatasi ilowesheni kidogo, ilazeni juu, sugueni kwa mgongo wa kijiko kwa nguvu. Ya kwanza itatoka imefifia, ongezeni mikwaruzo, chapeni tena.

Na ile Miti Mitatu, Rijksmuseum ya Amsterdam na Metropolitan ya New York wote wameiweka kwenye tovuti zao, faili kubwa, bure, unaweza kuisogeza mpaka uone mkwaruzo mmoja mmoja. Ni bando kidogo tu. Waliokosa wapenzi ukumbini waanzie hapo, kona ya chini kulia. Jumamosi ijayo tunakutana ukumbini pale pale baada ya alasiri, njooni na pakiti zenu zikiwa safi, wino nitakuja nao mimi, na mwenye kijiko cha mbao asikiache nyumbani.